Kupanda mwendokasi kwa mara ya kwanza: mwongozo kwa mgeni wa Dar es Salaam

Maswali ni yaleyale kila anapoingia mtu kutoka mkoani. Basi lipi linaenda Kariakoo? Nalipa wapi, mbona hakuna konda? Nikipitilizwa kituo nifanyeje? Nina mgonjwa wa kumpeleka Muhimbili, nishukie wapi? Nimeamua kuyajibu hapa yote kwa mpangilio, ili anayekuja leo asome mara moja na anayekuja mwakani atumiwe hayahaya.

Kwenye daladala unaweza kupanda kwanza na kuuliza baadaye. Konda yupo, atakujibu, atakupigia kelele ukifika. Mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, haina konda. Ukishapita getini unajitegemea, na karibu kila shida inayomkuta mgeni imeanzia nje ya basi: hajui jina la kituo anachoshukia, kadi haina salio, au amepanda bila kusoma ubao. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya mambo ya kufanya kabla hujakanyaga basi.

Nani ni nani

DART ni Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka, taasisi ya serikali iliyoanzishwa mwaka 2007. Ndiyo inayosimamia njia, vituo na huduma nzima. UDART ni kampuni iliyoanza kuendesha mabasi njia ya Kimara mwezi Mei 2016. Jina hilo limetoka kwa UDA, shirika la usafiri la jiji lililoundwa 1974, baada ya serikali kuitaifisha kampuni ya mabasi ya DMT. Nauli hupangwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini. Ukiwa na malalamiko, majina haya utayahitaji. Kwa kupanda basi tu, huyahitaji.

Uwe na nini kabla ya kutoka nyumbani

- Kadi ya N-Card yenye salio. Ni kadi ileile inayotumika kivuko cha Kigamboni na Uwanja wa Benjamin Mkapa, kwa hiyo ukiwa nayo tayari usinunue nyingine. Huna? Nenda kituo kikubwa kama Kimara au Gerezani, uinunue nje ya saa za msongamano.
- Salio la kwenda na kurudi. Nauli ya njia kuu ya Kimara ilianza kwa shilingi 650, baadaye ikapanda hadi 750. Ya siku yenyewe utaiona kituoni. Weka ya safari mbili na ziada kidogo.
- Pesa ndogo ndogo mfuko wa mbele, kwa ajili ya bajaji au daladala utakayounganisha.
- Jina la kituo cha kushukia. Jina la mtaa halitoshi.
- Mwanafunzi awe na sare na kitambulisho, maana nauli yake ni nafuu kuliko ya mtu mzima na ataulizwa.

Jua kituo chako kwa jina

Hapa tukae kidogo, kwa sababu ndipo wageni wengi wanapopotelea.

Njia ya kwanza ina urefu wa kilomita 20.9 na vituo 27, ukiacha vituo vikuu 5: Kimara, Ubungo, Morocco, Kivukoni na Gerezani. Ichukulie kama mti. Shina ni Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuja mjini kupitia Ubungo, Shekilango, Manzese na Magomeni. Magomeni linachomoza tawi la kwanza, linafuata Barabara ya Kawawa kupitia Mkwajuni na Kinondoni hadi Morocco. Shina linaendelea, linavuka bonde la Jangwani na kufika Fire. Hapo Fire linagawanyika tena: mabasi ya Gerezani yanakunja kulia kupitia Msimbazi, ya Kivukoni yanakwenda mbele kupitia DIT, Kisutu, City Council na Posta ya Zamani.

Ukiyashika majina mawili tu, Magomeni na Fire, umeshaelewa mfumo wote. Kila kosa la kupanda basi lisilo lako hujulikana kwenye moja ya sehemu hizo mbili.

Sasa linganisha unakokwenda na kituo chake.

Kariakoo sokoni: panda la Gerezani, shuka Msimbazi au Gerezani kwenyewe, kutegemea duka lako liko upande gani. Usipande la Kivukoni ukidhani "ni mjini tu". Litakupeleka Posta, na kurudi Kariakoo kwa miguu ukiwa na mzigo ni adhabu.

Muhimbili: shuka Fire, kisha bajaji au bodaboda, ni karibu. Mgonjwa asiyeweza kutembea vizuri achukuliwe bajaji hapo hapo, asilazimishwe kutembea eti pua na mdomo. Ocean Road, hospitali ya saratani, ni mbele zaidi: nenda hadi Kivukoni, kisha bajaji.

Boti za Zanzibar: Posta ya Zamani. Kivuko cha Kigamboni na soko la samaki la Feri: Kivukoni, mwisho wa njia. Watu wengi wa Zanzibar huenda hadi Kivukoni kwa sababu wameambiwa "boti", halafu wanarudi nyuma wakikimbia huku wamebakiza dakika chache. Boti ya Zanzibar na kivuko cha Kigamboni haviko mahali pamoja.

Treni ya SGR: shuka City Council, kisha tembea kidogo au chukua bajaji. Fika mapema, treni haisubiri.

Chuo Kikuu, Mlimani City: shuka Ubungo, unganisha daladala ya Barabara ya Sam Nujoma. Mwenge unaweza kufika kwa Ubungo au kwa Morocco. Masaki, Msasani na Mikocheni: Morocco, kisha daladala.

Umetoka mkoani kwa basi na umeshushwa Stendi ya Magufuli pale Mbezi? Hujafika kwenye shina bado. Tafuta basi la Mbezi kwenda Kimara, au linalounganisha moja kwa moja hadi mjini kama lipo saa hiyo.

Na kwa wapenzi wa mpira wanaouliza kila msimu: Mtaa wa Msimbazi ndiko yaliko makao ya Simba, na Yanga wako Jangwani. Vituo vyote viwili viko kwenye njia hii, na vimepakana na Fire.

Njia ya Mbagala ni nyingine. Inafuata Barabara ya Kilwa kutoka Rangi Tatu, mabasi yake yanatumia gesi asilia, na inakutana na njia ya Kimara huku mjini, Gerezani. Mtu wa Mbagala anayekwenda Ubungo aulize wahudumu wa Gerezani mlango wa mabasi ya Kimara kabla hajatoka getini.

Hatua kwa hatua

1. Vuka barabara mahali pa kuvukia. Vituo viko katikati ya barabara, kwa hiyo lazima uvuke magari ya kawaida na wakati mwingine njia ya mwendokasi yenyewe. Tumia kivuko chenye taa, au daraja la waenda kwa miguu pale lilipo, kama Manzese. Angalia pande zote mbili, hata kama unaamini magari yanatoka upande mmoja. Basi la mita 18 likiwa kwenye njia yake huru halisimami ghafla kama bajaji. Watu wamegongwa kwa sababu waliona foleni ya magari imesimama wakadhani na njia ya katikati imesimama. Mshike mtoto mkono mpaka uwe ndani ya kituo.

2. Angalia salio kabla ya geti. Usisubiri mashine ikukatae huku nyuma yako kuna watu ishirini. Kuna dirisha, na unaweza kuongeza kwa simu. Ukiongeza kwa simu, subiri ujumbe wa uthibitisho kwanza.

3. Gusisha kadi na upite, mmoja mmoja. Gusa, subiri mlio, sukuma, pita. Ukigusa mara mbili kwa wasiwasi unaweza kukatwa mara mbili. Mwenye begi kubwa, mama mwenye mtoto mgongoni au mtu wa kiti cha magurudumu asihangaike na geti jembamba. Mwombe mlinzi, "Samahani kaka, naomba unifungulie pale pembeni."

4. Tafuta upande wako. Ndani ya kituo kuna milango ya mabasi yanayokwenda mjini na ya yanayotoka mjini. Ukisimama upande usio wako utaona mabasi yako yanapita kwa mgongo wako. Kama huna uhakika, muulize mhudumu au abiria: "Dada, ya Gerezani yanasimama mlango upi?" Watu wa Dar wana haraka lakini njia wanaonyesha.

5. Soma ubao wa basi. Huu ndio moyo wa mambo. Mabasi yanafanana rangi na sura, na mabasi ya njia tofauti husimama mlango mmoja. Ubao wa mbele juu ya kioo cha dereva unaandika mwisho wa safari. Soma mwenyewe kwa macho yako. Usipande kwa sababu watu wote wamepanda, maana wao wanakwenda kwao. Ubao ukiwa umezimika au unaonyesha maneno usiyoyaelewa, uliza mlangoni kabla hujaweka mguu: "Hili ni la Kivukoni?"

 Kuna pia mabasi ya ekspresi, ambayo huruka vituo vidogo. Kwa anayekwenda kituo kikuu ni zuri sana. Kwa mgeni anayeshuka Kagera au Usalama ni mtego. Ushauri wangu: safari ya kwanza panda la kawaida, lisimame kila kituo, uyajue majina.

6. Waache wanaoshuka washuke. Simama pembeni ya mlango, acha katikati wazi. Najua wengi hawafanyi hivyo. Hapa ndipo panaponiuma kuliko pote kwenye usafiri huu: mama mjamzito anasukumwa, mzee anakanyagwa, mtoto wa shule anaachwa kituoni kwa sababu hana kifua cha kugombania. Kama wewe una nguvu, zitumie kumwachia nafasi asiye nazo. Wagonjwa wengi wa Muhimbili na Ocean Road wanakwenda kliniki kwa mabasi haya haya.

7. Panda, angalia mwanya. Sakafu ya basi na ya kituo zinalingana kwa urefu, lakini dereva asipokaribia vizuri hubaki nafasi katikati. Inua mguu, usiuburute. Mwenye fimbo na mwenye mtoto awe makini zaidi.

8. Ingia ndani, usigande mlangoni. Shika bomba. Begi lije mbele kifuani, simu iingie mfuko wa ndani. Vibaka hupenda sekunde zile za kupanda na kushuka, wakati kila mtu anasukumana na hakuna anayeuhisi mkono. Viti vya mbele waachie wazee, wajawazito, wenye ulemavu na wenye watoto wachanga bila kusubiri kuombwa.

9. Hesabu vituo. Tangazo la sauti likiwepo, lisikilize. Lisipokuwepo, soma majina yaliyoandikwa vituoni. Kituo kimoja kabla ya chako, anza kusogea mlangoni huku ukisema, "Nashuka kinachofuata, naomba njia." Milango ya kushukia kwenye vituo vya katikati iko upande wa kulia wa basi, si kushoto kama daladala. Mgeni aliyejipanga upande wa kushoto hujikuta amepitilizwa huku akiuangalia ukuta wa basi.

10. Shuka, toka na watu. Fuata njia ya kutokea. Usiruke ukingo wa kituo kukatiza barabara hata kama unakokwenda unapaona. Kama unabadilisha basi, usitoke getini: ukishatoka, safari mpya ina nauli mpya.

Saa za kupanda na saa za kuepuka

Asubuhi umati unakwenda mjini, jioni unarudi Kimara na Mbezi. Kama shughuli yako haina saa maalumu, safiri katikati ya siku. Utakaa, utaona mji, utajifunza vituo kwa utulivu. Anayejifunza njia saa 12 asubuhi hajifunzi kitu, anapambana tu.

Unayeishi jirani na vituo vinavyofuata baada ya Kimara, yaani Korogwe, Bucha, Baruti, Kona au Kibo, jambo moja lijue mapema. Asubuhi mabasi huondoka Kimara yakiwa yamejaa, na yakifika kwako hakuna pa kukanyaga. Ndiyo maana utaona majirani wanarudi nyuma hadi Kimara Mwisho kwenda kupanda kule. Inaongeza muda, wakati mwingine na nauli, lakini kwa mwenye mtoto au mgonjwa naona inafaa kuliko kusubiri mabasi matano yakupite.

Kuhusu kugeuza, yaani kupanda basi linalokuja mwisho wa njia ili ukae na ugeuke nalo: usitegemee. Mara nyingi abiria wote hutakiwa kushuka kituo kikuu, na utakuta umepoteza kiti na foleni pia.

Mvua kubwa ni jambo la peke yake. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara ya Jangwani hufungwa na mabasi ya Kimara hayawezi kuvuka kwenda mjini. Mara kadhaa huduma imekatwa hivyo, mabasi yakaishia Magomeni. Msimu wa masika, hasa Aprili, ukiamka na mvua ya usiku kucha, sikiliza taarifa za DART redioni au kwenye kurasa zao kabla hujatoka. Ukiwa na miadi ya hospitali siku hiyo, tafuta njia mbadala mapema, kwa sababu kila mtu atakuwa anaitafuta saa hiyo hiyo.

Makosa yanayojirudia

Kusema "naenda Magomeni". Magomeni ina vituo zaidi ya kimoja: Usalama, Mapipa, na Hospitali iliyo upande wa Kawawa. Vivyo hivyo Ubungo, ambako Ubungo Maji na kituo kikuu ni vitu viwili. Na Morocco Hoteli ni kituo kimoja, Morocco mwisho ni kingine.

Kuazimana kadi geti moja watu wanne bila kujua salio. Wawili wanapita, wawili wanabaki nje, na basi linaondoka na nusu ya familia. Gawanyeni kadi, au hesabuni salio kwanza na mpitishe watoto mwanzo.

Kubeba mzigo wa biashara saa ya msongamano. Kiroba cha mchele au beseni la samaki kutoka Feri hakitapata nafasi, na walinzi watakurudisha getini. Mizigo ya namna hiyo tafutia usafiri mwingine.

Kumpa kijana asiye na sare ya kazi kadi au pesa "akusaidie kuongeza". Nenda dirishani mwenyewe.

Mambo yakiharibika

*Umepanda la Kivukoni ulipotaka Gerezani.* Shuka DIT, kabla hujasogea mbali. Usitoke getini. Panda linalorudi hadi Fire, kisha subiri la Gerezani. Kama uligundua mapema kabla ya Fire, shuka Fire yenyewe.

*Unatoka Kimara kwenda Morocco na la moja kwa moja halionekani.* Panda lolote la kwenda mjini, shuka Magomeni Mapipa, subiri linalotoka mjini kwenda Morocco. Ni nauli ileile usipotoka.

*Umepitilizwa kituo.* Usimfokee dereva wala kugonga milango, hawezi kusimama kati ya vituo. Shuka kinachofuata, hamia upande wa pili humo ndani, rudi.

*Kadi imekatwa lakini geti halikufunguka.* Usiguse tena. Mwite mhudumu akiwa bado anaona mashine, mwonyeshe. Ukienda mbali kwanza halafu urudi baadaye, itakuwa vigumu kueleweka.

*Basi limeharibika njiani.* Subirini dereva afungue milango na awaelekeze. Hatari kubwa hapo ni kushuka na kutembea kwenye njia ya mwendokasi, maana mabasi ya nyuma yanaendelea kuja. Tembea pembeni hadi kituo kilicho karibu na uwaeleze wahudumu wa getini kwamba umetoka kwenye basi lililoharibika.

*Umesubiri muda mrefu na basi lako halipiti.* Muulize mhudumu kama njia hiyo inafanya kazi siku hiyo. Ikiwa jibu halieleweki na una miadi, toka ukachukue daladala. Nauli iliyopotea ni ndogo kuliko kliniki iliyopotea.

*Una malalamiko ya nauli, lugha mbaya au uendeshaji wa hatari.* Andika namba ya basi, kituo, tarehe na saa hapo hapo, ungali unakumbuka. Peleka DART, na kwa mambo ya nauli peleka pia LATRA. Malalamiko yenye namba ya basi hufuatiliwa. Yasiyo na namba hayana pa kushikia.

*Umesahau mzigo ndani ya basi.* Rudi haraka kituo ulichoshukia, taja basi lilikuwa linaelekea wapi, lilifika saa ngapi, na ulikaa karibu na mlango gani. Wahudumu wanaweza kuwasiliana na kituo cha mwisho kabla basi halijageuza. Kama ni mkoba wenye nyaraka, nenda mwenyewe hadi kituo hicho cha mwisho, na ukikosa, chukua taarifa ya kupotelewa polisi siku hiyo hiyo, kwa sababu NIDA (wa vitambulisho vya taifa) na benki wataitaka.